Mtambo wa Akiba na Basi la Chuo

Juzi nilikuwa mjini Wote, Makueni, chuo kikuu kimoja cha Kitui kilipozindua kituo chake cha akiba. Ni chumba cha kompyuta zinazotunza nakala ya kila alama na kila cheti, ili Kitui kukiungua, kazi iendelee huku.

Mkuu wa kompyuta, mama mmoja mwenye sauti ya kuongoza kwaya, alimpigia simu askari wa lango kule Kitui, maana hakuna fundi aliyekubali kukosa sherehe.

"Zima umeme wa mitambo yote."

Msajili wa chuo, aliyekuwa kando yake, akashika kichwa. Punde tu, alama zikatokea kwenye skrini ya huku Wote, safi. Akapiga makofi mpaka miwani ikamtoka.

Tulikula pilau, tukapiga picha, kisha mafundi wakaanza kupanda basi la chuo. Yule mama akaweka mkono mlangoni.

"Ngojeni. Hii mitambo, nani mwingine anajua kuiendesha?"

"Ni sisi tu, madam," wakajibu kwa majivuno.

"Na nyinyi nyote mnarudi na gari moja?"

Wawili wakashuka bila kuambiwa, wakaenda kutafuta matatu.

Utepe ulikatwa asubuhi, lakini mimi nahesabu kituo kilifunguliwa pale wawili waliposhuka.