Neno "maladroitly" lilivyokula kazi yangu ya Zambia

Wakuu wangu, hamjambo wote. Minye ni muzee wa Likasi, masomo yangu yaliishia primaire, na Kiswahili changu ni cha Katanga, mutanivumilia. Lakini haya yalinifika mimi mwenyewe. Nitayasema kama yalivyokuwa, hata pale yanaponichekesha vibaya.

Kwanza ya zamani kabisa.

Nikiwa mutoto, baba alinipakia kwenye baiskeli, tukaenda ziwani Tshangalele kununua samaki. Njia ilikuwa vumbi tupu. Baba alikuwa na tabia ya kuimba nyimbo za kanisa akipanda mulima, sijui pumzi alitoa wapi. Minye nyuma, nimekalia gunia, matako yote yanawaka.

Tulipofika, mama mumoja muuza samaki akamushika baba shati.

"Weye mbuzi! Nani amekufungulia kamba? Mbuzi anakula majani, samaki ya nini?"

Nikaanza kulia, nilijua baba atapigwa. Kumbe baba anacheka mpaka amekaa chini! Naye akamurudishia matusi yake, mazito kuliko yale. Tukarudi na samaki wengi kuliko pesa aliyokuwa nayo.

Njiani akanieleza. Sisi ni ukoo wa mbuzi, yule mama ni wa chui. Chui na mbuzi ni watani, Wabemba wanasema bunungwe. Mutani anakutukana hata kwenye matanga, na weye huna ruhusa ya kukasirika. Akikuita mbuzi, unalia mbee. Ukinuna, weye ndiye umeharibu.

Bon. Sasa tuje Panda, mutaa wa hapa Likasi, miaka ya tisini.

Nilikuwa soudeur, fundi wa kuchomelea vyuma, mu atelier, karakana ya kampuni. Kampuni ilikuwa inakufa. Mashini moja inasimama, tunatoa vipuri vyake kuponyesha ingine, kisha nayo inasimama. Mushahara haufiki, unga haufiki. Bibi yangu Adèle, mama wa watoto wangu, alikuwa anapika bukari, ndiyo ugali wetu, mara moja kwa siku, na matembele. Watoto walikuwa wamejifunza kula polepole, ili isiishe haraka.

Rafiki yangu mu atelier aliitwa Mwansa. Ukoo wa chui!

Basi hapo hakuna asubuhi bila matusi. Alikuwa anapiga kelele toka barabarani, "Mbuzi, toka nje, nina njaa!" na jirani zangu wanacheka. Bila yule muntu, miaka ile ningepata kichaa.

Mwansa alisoma kidogo upande wa Zambia, akarudi na Kingereza. Na mu Kingereza chake kulikuwa neno moja alilipenda kuliko bibi yake: maladroitly.

Alisema mwalimu wake mumoja ndiye alikuwa nalo, na hata huko Zambia wengi hawalijui. Maana yake kufanya kitu hovyo, kwa mikono isiyosikia. Sisi tulilishika upesi, sababu Kifaransa ni maladroit, na chef, mukubwa wetu wa kazi, alikuwa anatuita hivyo kila siku. Lakini Mwansa alilivalisha tai.

Muntu akiimba vibaya kanisani: "He sings maladroitly." Bata akivuka barabara: maladroitly. Redio ikisema mambo yatatengemaa, Mwansa anatikisa kichwa kama juge mahakamani: "They lie maladroitly."

Tulicheka sana kwa neno lile, wakuu. Sitaki kusema uongo.

Sasa, akafika Muzungu toka Afrika ya Kusini. Alikuwa anafungua karakana kule Kitwe, Zambia, anatafuta masoudeur wa kuhamia na familia zao. Nyumba juu yake, mushahara wa kweli. Mwansa ndiye alimukuta mjini, akamuambia kuna fundi lazima amuone, akamuleta mpaka kwetu mu atelier. Hilo nataka mulijue mapema. Alinitakia mema.

Jaribio lilikuwa kuunganisha bomba mbili. Adèle alikuja kusimama pale kwenye ua. Amewavalisha watoto nguo za kanisa, siku ya kazi!

Nikachomelea. Sijisifu, mushono ulitoka laini. Ulipopoa, Muzungu akainama, akapitisha kidole, akaitika kwa kichwa. Nikaona Adèle anafunika mudomo kwa mukono.

Kisha Muzungu akamuuliza Mwansa: huyu siku zote anafanya kazi namna gani?

Mwansa akaniangalia. Atelier nzima iko pale, inangojea. Nikaona midomo yake inaanza kucheza.

"This goat? He works maladroitly, sir. Very maladroitly!"

Watu wakapasuka. "Eeh mbuzi, chui amekupata!"

Na minye? Furaha ya ule mushono ilikuwa imenipanda kichwani. Nikafanya kile mutani anafanya. Nikaangusha nyundo makusudi, nikarukaruka kwa muguu mumoja kama imenivunja vidole, nikalia mbee, mbele ya muntu aliyeshika chakula cha watoto wangu.

Watoto wenyewe ndio walicheka kupita wote.

Muzungu hakucheka.

Alisema maneno machache, akaenda kwenye gari. Mwansa akamukimbilia, mikono inaeleza chui, mikono inaeleza mbuzi. Sijui utaeleza namna gani kitu kile kwa muntu anayetafuta ufunguo wa gari. Mulango ukafungwa.

Mwansa akarudi, uso umekauka kama majivu.

"Amesema nini?" Adèle akauliza.

"Anasema aliisha kuona watu wanakufa sababu ya fundi wa michezo. Anasema... hata rafiki yake mwenyewe ameshuhudia hajui kazi."

Muzungu alichukua wengine, wa atelier ya pili. Adèle hakunigombeza. Alipofika nyumbani aliwavua watoto zile nguo, akazikunja.

Funzo langu, wakuu, ni fupi kama masomo yangu. Utani unafaa mbele ya wanaoujua. Mbele ya mugeni, muntu akiulizwa juu ya kazi yako, ajibu neno dogo, linalonyooka, hata kama anajua makubwa. Na weye uliyetaniwa usicheze ile ngoma, jisimamie.

Nyinyi wa Tanzania muna utani wa makabila, basi munielimishe: mutani akikuharibia hivi, kwenu inafanywaje? Andikeni hapa chini, nitasoma yote, hata ya kunicheka.

Ila musikimbie kuandika, sijafika mwisho. Ile kazi niliisha kuisahau. Kinachoniuma ni siku iliyofuata.

Mwansa alikuja kwangu. Hakupiga kelele toka barabarani. Alibisha mulango, kama muntu wa serikali. Nikafungua, amesimama, kofia iko mukononi.

Munielewe: watani hawaombani pardon. Hakuna kitu kile. Unaleta tusi jipya, mwenzako anacheka, imeisha. Nilikuwa nangojea tusi langu. Angeniita mbuzi mara moja tu ningemukumbatia.

"Pardon, yaya," akasema. "Unisamehe, muzee."

Yaya, yaani kaka mukubwa! Muzee! Mwansa kuniambia mimi hivyo!

Hakuwahi kuniita kwa heshima. Nikajua sasa tusi linapaswa kutoka kwangu, lolote, hata la kitoto. Lilikuwa limefika hapa kwenye meno. Lakini nyuma yangu Adèle alikuwa anakwangua sufuria, kijiko na chuma, kwaru, kwaru, na ndani hakukuwa kitu cha kukwangua.

Nikasema, "Haina neno." Vile unamuambia mupita njia aliyekukanyaga.

Mwansa akaitika. Akangojea kidogo tena. Kisha akavaa kofia, akashika njia ya Kamatanda, taratibu, hakugeuka.

Atelier hakurudi. Kwangu hakurudi.