Kupanda kwa Miguu, Kushuka kwa Pikipiki

Kwetu Mamba, huku mlimani, mtu mzima hakimbii bure. Ukimwona anakimbia, jua kuna msiba, au ng'ombe amekata kamba. Nilipostaafu ualimu nikarudi nyumbani na raba zangu, asubuhi ya kwanza tu jirani yangu aliacha jembe kwenye tangawizi, akajifunga kanga, akanifuata huku akiuliza, "Mama, nani katutoka?" Nilipomwambia nafanya mazoezi, alikasirika. Alikuwa ameshaanza kulia.

Atanisamehe, mbio nilizaliwa nazo. Tulipokuwa wasichana, tukitumwa bondeni tulishuka mlima kwa kushindana, magauni tumeyakunja viunoni, vumbi nyuma yetu, na waliokuwa wakipanda na mizigo wakituapiza. Dada yangu alinitangulia kuzaliwa, lakini kushuka hakuwahi kunitangulia. Nikizikumbuka siku zile roho inaniuma, tena sana.

Mwaka huu goti la kulia likaanza kuvimba. Daktari kule Same, binti mwenye adabu, aliniamkia kwanza, kisha akanikata maini.

"Kupanda, panda tu, mama, kunasaidia presha. Ila kushuka mbio, basi. Ukilazimisha, hata kutembea kutakushinda."

Nilinuna njia nzima. Kupanda ni kazi. Raha yote iko kwenye kushuka. Mbio bila mteremko ni makande bila chumvi. Nilifikiria kumdanganya yule binti, lakini goti halidanganyiki, na shambani kwangu hakufikiki kwa mkongojo.

Basi nikapata ufumbuzi wangu. Nilipanda mlima mbio za polepole, na kule juu nikamwomba dereva wa bodaboda anishushe. Alicheka mpaka akashika tumbo. Huku kwetu watu hupanda kwa pikipiki wakashuka kwa miguu.

"Mama, wewe umeigeuza dunia."

"Wewe endesha," nikamwambia. Sikuwa na hamu ya utani. Nilikaa nyuma yake kama mgonjwa anayerudishwa nyumbani, nikijiambia kwamba mbio zangu ndiyo basi tena.

Pikipiki ikaanza kuteremka. Upepo ukanipiga usoni, nikafumba macho. Tulipopita kona mbili tatu, dereva akapunguza mwendo.

"Mama, mbona unaitingisha pikipiki? Tutaanguka."

Nikafumbua macho, nikatazama chini. Miguu yangu ilikuwa inakimbia.