Herminia Zubiate, Wakili wa Wageni Mashambani

Alizaliwa Laredo, mpakani mwa Texas, tarehe 9 Machi 1938, binti wa fundi viatu Mmeksiko. Alipokuwa na miaka kumi na miwili aliona jirani yao akifukuzwa nchini kwa karatasi asiyoweza kuisoma. Hapo ndipo, alisema baadaye, Mungu alipomwita. Akasomea sheria, na mwaka 1982 akahamia Florida, kwenye mashamba ya machungwa walikokimbilia Wamaya waliokuwa wakiuawa Guatemala. Wenye mashamba walimwita wakili wa wazururaji. Na wamwite!

Jaribu lake kubwa lilikuwa kesi ya Malin Tomás, mjane aliyetakiwa kurudishwa kwa wauaji wa mumewe. Herminia aliandaa ushahidi miezi minne. Hakimu akauliza, "Ulikuja kutafuta kazi tu, sivyo?" Malin akainamisha kichwa. "Ndiyo, baba." "Hakuna aliyekutisha?" "Hakuna, baba."

Nje ya mahakama Herminia aliwaka. "Malin, umejitia kitanzi mwenyewe!"

"Lakini dada, yule ni mzee. Nimwambie amekosea, mimi nani?"

Ewul, shangazi yake Malin, akacheka kwa uchungu. "Wakili mzima hujui? Kwetu mzee akisema mchana ni usiku, unawasha taa. Mwaka mzima unakula tamale zetu za unga wa mahindi, macho kwenye makaratasi!"

Neno hilo lilimchoma. Alifunga siku tatu, kisha akaomba kesi isikilizwe tena. Tarehe 14 Juni 1984 alisimama mbele ya hakimu yuleyule. "Mheshimiwa, kosa ni langu. Nilimleta mama huyu hapa bila kuwajua watu wake. Kwao mzee hapingwi. Mpe ruhusa akusahihishe."

Mawakili wa serikali wakacheka. Hakimu akamgeukia Malin. "Binti yangu," akasema, "nikikosea, niambie." Akarudia swali lake.

Malin aliinua kichwa. "Umekosea, baba," alijibu kwa kinywa cha mkalimani. "Walimwua mume wangu Petul mlangoni petu. Wakasema watanirudia."

Alipewa hifadhi. Wapo wanaosimulia homa zilizopona kaburini kwa Herminia. Ewul, hadi anafariki, hakukubali muujiza mwingine utajwe kabla ya huu wa Malin kumwambia mzee amekosea.

Tangu hapo Herminia hakufungua jalada kabla ya kushinda siku nzima na mteja nyumbani kwake, wakimenya mahindi pamoja. Alifariki tarehe 2 Novemba 2003. Siku hiyo wakili kijana aliyekuja na mgeni alishika kalamu kando ya kitanda chake. "Usiandike bado," Herminia alimwambia. "Ameshakula?"

Basi anayetaka kumheshimu asimpelekee maua tu. Aende akaketi na mgeni, anyamaze, mpaka ajue ni kitu gani kinachomfunga mdomo.