Bipepeo Byenye Hapana Penda Maua

Yaya yangu, kaka mukubwa Mumbere Zorobabel, anafundisha biologie ku lycée moja ya Butembo, na kwa miaka ine kila congé yake, wakati masomo inafunga, ilikuwa ya kuangalia bipepeo. Mutu muzima, na ndevu zake, na batoto batatu mu nyumba. Anachukua carnet ya kuandikia, anapanda pikipiki, anaenda. Batu ba quartier balimuita Papa Kipepeo. Mi nilikuwa namuita muvivu, na mu uso yake, juu ni yaya yangu na nina haki. Mi ni Séphora, nauzisha maharagi ku soko, na siko mutu wa kumeza maneno.

Baba yetu Jacob alikuwa na shamba ya cacao nyuma ya Mavivi, pembeni ya Beni. Siku moja alienda kuvuna, bauaji bakaingia mu mashamba ya kule, na baba hakurudi. Hatukuona mwili. Hatukuona hata kiatu. Kwetu, kama mwili haiko, banakata shina ya mugomba, banaivalisha nguo ya marehemu, banaizika na maombi, njo matanga inaisha. Na mwenye kukata ile mugomba ni mutoto mwanaume wa kwanza, mwenye anaitwa Mumbere, hapana mwengine. Zorobabel alikuwa anakataa. Donc mama yetu Florentine alibaki kulala chini ku mukeka miaka ine, juu mujane hapana rudi ku kitanda mbele matanga iishe.

Baba-mudogo Kitsa alisema ni mambo ya kanisa: sisi ni Baprotestant, Zorobabel alisoma sana, labda anaona mugomba ni ya bapagani. Pasteur akakuja mwenyewe kumuambia hakuna zambi. Yaya akasikiliza, akashukuru, akakataa.

Mwaka huu, karibu ya Pasaka, mama akaanza kukohoa. Kikohozi ya baridi ya chini, ile yenye haisikie dawa. Nikaenda kwa yaya.

"Nakwenda na weye ku bipepeo byako," nikamuambia. "Njia yote nitakusumbua mpaka ukubali."

"Panda basi," akasema.

Tulianzia Musienene, mu jardin ya Masœurs ba Katolika. Pale maua ni mingi, na bipepeo byeupe na bya manjano binaruka mpaka ku kitambaa ya kichwa yako. Mi nilifurahi, nasema kweli. Yaya hakubiangalia. Akaenda nyuma ya kibanda ya nguruwe, akasimama mbele ya matope.

"Byenye natafuta hapana penda maua," akaniambia.

Ni bikubwa, bya rangi ya kahawa, na mikia mbili mbili ku mabawa. Binapenda ndizi ya kuoza, mavi ya banyama, pombe ya kasiksi yenye kumwangika chini. Na kubihesabu iko na namna yake: unasimama mikono nyuma, unangoja byote bitulie, unahesabu mara mbili. Nguruwe balikuwa banatuangalia. Nikamuuliza kama alimaliza université juu ya kusimama ku mavi. Akasema ndiyo, juu ya ile.

Tukarudia Butembo, tukapita Maboya, na kila fasi alisimama nilimuimbia wimbo yangu: mama anakohoa, mama ana miaka makumi saba na mbili, mama iko chini. Aliandika mu carnet, akawasha pikipiki. Ku Kabasha, fasi barabara inashuka na joto ya Beni inakupiga ku uso, nikakasirika bya kweli. Nikamuambia haiko mutoto wa mama, anapenda badudu kuliko mwenye alimuzaa. Nilitaka imuume. Ilimuuma. Alikuwa anaandika, akafunga carnet mbele ya kumaliza.

Tukalala Beni, commune ya Ruwenzori, kwa muzala wetu Marie-Jeanne. Asubui akaniita ku cuisine.

"Yaya yako, kila mara akikuja, anaenda fasi moja tu ile ya Mavivi," akasema. "Na akirudi hakuli."

Ku barrière ya Mavivi basoda ba jeshi balikuwa banamujua. "Prof, lelo lisusu, leo tena?" mumoja akamuuliza, akafungua. Tukaendelea mpaka ku daraja moja ndogo, na pale yaya akazima pikipiki. Mbele yetu kulikuwa cacao ya batu, yenye kuiva mpaka kuozea ku muti, juu benyewe balikimbia. Nilisikia tu moteur inapoa, ka, ka, ka.

"Ni hapa," akasema.

"Hapa nini?"

"Bile bya mikia binapenda kitu ingine tena. Binapenda chenye kilikufa."

Nilielewa mbele amalize. Nikaikaa mu majani.

Siku ya tano kisha baba kupotea, yaya alikuja kumutafuta, peke yake, bila kutuambia. Na pale ku daraja aliona bipepeo bikubwa chini ya cacao, binapanda na kushuka fasi moja.

"Soda alikukataza kushuka?" nikauliza.

"Hakukuwa soda."

"Ulisikia masasi ya bunduki?"

"Sikusikia kitu."

"Donc?"

"Donc niliogopa, Séphora. Nilisimama hapa nikabihesabu. Makumi tatu na saba. Nilihesabu mara mbili. Kisha nikarudi."

Nilitaka kumupiga. Alipata wakati ya kuhesabu mara mbili, na hakupata wakati ya kushuka. Kesho yake njia ikafungwa, miezi mbili nzima, na wakati ilifunguliwa mvua ilikuwa imepita, majani imepanda juu ya yote. Tangu pale anarudi, anasimama ku daraja, anangoja.

"Unajua bile bipepeo habitarudi pale," nikamuambia. "Weye njo unafundisha biologie."

"Najua."

Nikalia. Yeye hakulia. Kisha nikashuka, bila kupanga. Ilikuwa hatua makumi tatu tu kutoka barabara. Nikapapasa na mikono mu majani, nikapata matunda ya cacao nyeusi na mavumbi yake, basi. Wakati niligeuka, yaya alikuwa nyuma yangu. Miaka ine hakukuwa ameshuka hata siku moja.

"Nitakata mugomba," akasema. "Lakini mbele nitamuambia mama."

"Utamuambia nini? Kama bwana yake alikuwa hapa pembeni ya njia, na mutoto wake akarudisha pikipiki? Hapana. Utamuua."

"Akiniuliza, siwezi kumudanganya."

Tulibishana mpaka Butembo. Mwisho akakubali hataanza yeye kusema, lakini mama akiuliza atajibu ukweli; pale hakuinama.

Jumamosi ile, siku ya posho, akakata mugomba. Tukaivalisha shemishi yenye baba alikuwa anavaa ku kanisa, Kitsa akafunga kamba, pasteur akaomba. Mbele ya kutupa udongo mama akamugeukia yaya. Akauliza polepole, na batu bote banasikia:

"Mumbere, weye njo unatembeaka kule. Unajua fasi baba yako alilala?"

Yaya akafungua kinywa. Mi njo nikajibu.

"Hapana, mama. Hatujue. Hakuna mutu anajua."

Mama akaniangalia murefu. Akachukua udongo, akatupa, akasema aksanti Mungu.

Ile siku alirudi ku kitanda yake, na kikohozi ikaisha mu wiki mbili. Zorobabel naye, muke wake aliniambia alilala masaa kumi na mbili bila kugeuka. Anaweza kulala: alikuwa tayari kusema ukweli, Mungu alimuona. Mwenye alidanganya ku kaburi ni mi.

Sasa siku ya yenga, kisha kanisa, mama ananiita kula kwake. Ananiwekea bugali, ananiwekea sombe, anaikaa karibu yangu. Kisha ananiuliza, bila hasira, namna mutu anauliza bei ya maharagi:

"Séphora, una hakika?"

Na mi najibu ndiyo, mama.