Konsiltante

Nilisoma mpaka mwaka wa tatu ya shule ya primaire, kiisha baba akasema inatosha. Kazi nilianza na mugongo. Nilikuwa nabeba mifuko ya unga toka ku bandari kupanda mpaka mutaa ya Kadutu, kamba ku kipaji cha uso, shingo imekaza. Mugongo ilipokataa, nikauza samaki ndogo, sambaza. Sambaza ilipokosa mu ziwa, nikapikia watu wa biro moja ya misaada bugali na sombe.

Siku moja watu wale walitaka kwenda kusema na wamama wa kule Katana, na kati yao hakuna aliyejua luga yao ya Mashi. Wakaniita niingie mu motokari. Niliingia nimevaa tabuliye yangu ya kupikia. Toka siku ile nikawa mutafsiri wao, sikurudia ku jiko. Kiisha wamama wabeba mizigo wa mutaa yetu wakaniweka prezidante wa shirika yao, na tukajenga nyumba ya mbao, tukaweka munganga wa dawa za hospitali ndani, sababu wamama walikuwa wanazalia ku njia.

Mukubwa wa biro aliona ile kazi. Akanisimamisha mbele ya mukutano, akasema sasa mimi iko konsiltante wao, nitaenda kushauri mashirika mengine mpaka Bunyakiri. Wamama wakapiga vigelegele kupita kipimo. Jirani yangu akaniuliza nitaanza siku gani kupima wagonjwa. Huku kwetu konsiltasio ni kupima wagonjwa, ni ya munganga tu, hatujue ingine. Nilimujibu kazi yangu ni shauri. Akanikonyeza, kama vile naficha kazi nzuri.

Kiisha vita ikaingia mu muji. Biro ikafunga, wakubwa wakavuka mupaka, munganga wetu naye akakimbia. Dawa zikaisha. Mimi njo nilibaki na funguo ya nyumba ya mbao.

Asubuhi moja ya mvua nilikuwa nafagia pale, mama mumoja kijana akaingia, mubeba mizigo wa shirika yetu. Hakusalimia. Akashusha mutoto wake mwanamuke, akamulaza ku meza, akamuvua nguo. Mutoto alikuwa moto sana, macho imegeuka.

"Koko," akaniita, vile wanaita bibi muzee, "umupime."

"Mwanangu, mimi siyo munganga."

"Wewe iko konsiltante, watu yote wanajua. Ao sisi maskini hautufanyie konsiltasio?"

Nikamuelezea kwamba konsiltante wa biro ni mutu wa kusema tu. Aliniangalia vile wanaangalia mwongo.

"Kama ni kusema tu, tulikupigia vigelegele ya nini?"

Nikachungulia inje. Moto, zile pikipiki za kubeba watu, hazikutoka siku ile, njia zote watu waliogopa. Mama wa mutoto mwenyewe alikuwa anatetemeka, hawezi kubeba. Nikachukua kikwembe yake, nikafunga mutoto ku mugongo yangu, tukapanda mulima mu matope kwenda hospitali. Katikati ya njia mutoto akaacha kulia. Nikaanza kumugombeza: usininyamazie ku mugongo, nimebeba vizito kukushinda wewe. Niligombeza mpaka sauti ikaisha. Ku mulango ya hospitali akakohoa.

Walimuwekea serumu, maji ya dawa ku mushipa. Alipona.

Kesho yake nilienda kufungua nyumba ya mbao, nikakuta wamama wamekaa chini kufuata ukuta, kila mumoja na mutoto. Mama wa jana alikuwa ameeleza mutaa muzima kwamba konsiltante ameanza kazi. Niliwaambia ndani hakuna munganga, hakuna hata kidonge. Hakuna aliyesimama.

"Tunajua, koko," mumoja akasema. "Wewe upime tu."

Mugongo nilikuwa nayo moja, na usiku muzima iliniuma. Nikaweka funguo chini, nikainama, nikaanza kugusa watoto ku kipaji cha uso, huyu, na huyu, ili nijue ni nani nitabeba wa kwanza.