Manane na suti ya bwana arusi

Mi si mtu wa kufundisha maneno. Niliacha shule mapema, nikashika cherehani. Lakini neno "manane" naliandika, kwa sababu lilinisaidia siku niliyoharibu arusi ya watu.

Nilikuwa mkimbizi kambini Dzaleka, nikimshonea suti ya arusi karani Mmalawi wa ofisi za serikali za Capital Hill. Shangazi yake, kiongozi wa kwaya, aliniahidi: suti ikimkaa vizuri, sare za kwaya ni zangu. Karani akapiga simu: niilete kwao mjini, Area 49, Jumamosi, eiti koloko. Nikaandika kwenye daftari: saa nane.

Kwetu Bukavu saa zinahesabiwa tangu jua kutoka, kwa hiyo saa nane ni mchana, watu wameshakula. Nikafika nimetulia kabisa, suti begani. Bwana arusi alikuwa ameshaoa, ndani ya koti la mjomba wake, mikono ikiishia karibu na viwiko.

"Achimwene," yaani kaka, shangazi akaniuliza, "ulifikiri tunaoa kesho?"

Kwa Chichewa changu cha kuokota nikajitetea: sikuwa mvivu, nilishona mpaka usiku wa manane. Akataka kujua manane ni nini. Nikamweleza kwamba usiku tunahesabu upya tangu jua kuzama. Ikifika saa nane watu wamelala, na marehemu baba alisema njo kulitoka jina.

"Kwa hiyo kwenu eiti koloko ziko mbili, na zote ni tuu koloko?"

Watu wakacheka, hata bwana arusi. Akavua koti la mjomba, akavaa suti. Ilimkaa. Sare nikapewa.

Nyumbani mke wangu hakukubali. "Papa ya batoto, baba yako alikudanganya. Kijijini kwetu hakukuwa saa hata moja, na manane ilikuwako. Ni wakati bantu boote balishalala, basi."

Huenda yuko sahihi. Baba alikuwa na saa ya mkononi, lakini ni haki niseme pia kwamba ilikuwa imesimama.

Kuhusu siku ya kuleta sare, shangazi hakuniamini tena. Alichora kwenye daftari langu paa la nyumba na jua juu yake kidogo: nije jua likifika hapo. Kwa woga nililala hukohuko mjini, Kauma, kwa rafiki, nikabisha mlango wa shangazi kukiwa giza bado. Akatoka na tochi.

"Achimwene, sasa hivi kwenu ni saa ngapi?"

Nikahesabu vidoleni. "Ileveni."

"Basi umechelewa tena," akasema, akapokea mzigo.