Siku niliyocheza fainali ya mji na tumbo tupu

Wakuu, salamu nyingi kutoka Likasi, Kongo. Kisa hiki kilinipata mimi mwenyewe, na sitatia chumvi, maana siku hizo hata chumvi yenyewe hatukuwa nayo.

Ilikuwa miaka ya tisini. Viwanda vya shaba vimekwama, mishahara imekatika, wazazi wangu wamerudi kijijini kulima. Mimi nikabaki kwa sababu moja tu: mpira.

Nilikuwa winga wa kushoto wa Nyuki, timu ya kitongoji chetu cha Kikula. Shule niliishia njiani, lakini ndoto nilikuwa nazo za kujaza lori. Na mbio, wakuu! Mbio za mtu aliyeona nyoka. Chenga sijui, pasi nasahau, ila mbio ninazo.

Zamani kampuni ya shaba ndiyo iliyokuwa inatulisha wachezaji. Ilipokwama, mashabiki wakatugawana kama vifaranga: kila mtaa unachukua mchezaji mmoja, unamlisha. Mimi nikaangukia kwa Mama Odia, muuza mkaa, mlokole kwelikweli. Ana watoto tele, lakini bukari yangu, ndiyo ugali wetu huku, ilikuwa kubwa kuliko ya mume wake.

Basi tukafika fainali ya mji. Kocha akaniita pembeni, akaniambia kuna mzee anakuja kutoka Lubumbashi, timu kubwa, anatafuta winga mwenye mbio.

Winga mwenye mbio, wakuu. Nikaanza kujiona nashuka kwenye ndege na suti.

Nikakimbia kumwambia Mama Odia. Akapiga vigelegele, akacheza, akaita watoto wote, akatangaza mfungo: kuanzia Ijumaa hadi filimbi ya mwisho Jumapili, nyumba nzima maji tu, ili Mungu anipeleke Lubumbashi.

Nyumba nzima. Na mimi nakula wapi? Nyumba ile ile.

Nilijaribu kumweleza taratibu kwamba mchezaji, miguu, nguvu, unajua... Akanishika mashavu.

"Siye bote tunafunga ju ya weye. Ata Théo alikatala uji yake."

Théo ndiye kitinda mimba wake. Alikuwa amekaa mlangoni, tumbo linanguruma, ananitazama kana kwamba mimi ndiye kombe lenyewe. Sasa hapo ungesema nini?

Jumamosi, jirani yetu Papa Kasongo, Mkatoliki, akaniita kutoka upande wa pili wa uzio. Harufu ya samaki ilitangulia.

"Mutoto, kuya ukule. Mungu ni ule ule, na bukari iko moto."

Nilifika hadi kwenye uzio. Nyuma yangu nikamsikia Théo anamsimulia dada yake jinsi nitakavyopanda ndege. Nikarudi. Papa Kasongo akaniita mjinga, kisha akala kwa sauti, makusudi.

Jumapili, uwanja umefurika. Nikachomoka mbio ya kwanza, nikaona nyota mchana. Goli moja nikaliona mawili. Nikaamua kusimama karibu na boksi na kuhema tu. Mpira ukinijia natoa pasi haraka, nibaki na pumzi yangu.

Dédé, mshambuliaji wetu, msimu mzima hajawahi kupata pasi yangu. Alishangaa hadi akafunga.

Mabeki waliotumwa kunikimbiza wakabaki wamenizunguka kama watu wa matanga. Mwishoni ikapigwa kona, mpira ukanigonga goti, ukaingia. Sikusogea, nawaapia. Ulinikuta palepale.

Tukashinda. Wakanibeba juu wakiimba "Poteau, Poteau", yaani nguzo ya goli.

Waliponishusha, yule mzee wa Lubumbashi alikuwa mbele yangu. Mama Odia ameniganda mkononi, analia kwa furaha, midomo imemkauka kwa mfungo. Mzee akaniuliza:

"Petit, balinambia unakimbiaka. Ju ya nini haukukimbia leo?"

Jibu lilikuwa moja, tena la kweli: sijala tangu Alhamisi. Kinywa nilishafungua. Nikamtazama Mama.

"Minye minachezaka vile, papa."

Akamchukua Dédé.

Nililia, sitaficha. Lakini kidogo tu, kwa sababu Mama tayari alikuwa amebandika sufuria, na Papa Kasongo kaleta samaki wake, na wakaanza kubishana ni sala za nani zilizoshinda mechi. Nilikula mpaka watoto wakaniogopa.

Dédé alicheza vizuri huko, tulimsikia redioni. Mimi nilibaki na Nyuki mpaka magoti yakagoma. Nikazoea kutoa pasi. Nikikatiza sokoni hadi leo, mtu mzima na mvi zake ananiita Poteau na kunivuta mkono nikale kwake.

Nilichojifunza: ukimpenda mchezaji wako, mlishe kwanza, halafu umwombee. Na kuna watu wakikupenda, unashindwa kuwaambia kwamba wamekuumiza, na wala hujuti.

Wakuu, nani mwingine humu amewahi kupendwa mpaka akakaribia kuzimia? Mwageni visa vyenu.

Ombi moja tu. Mama Odia bado yuko hai, na hajui. Théo, kama na weye uko humu, cheka kimyakimya.